Kwa Mwanangu wa Karatasi, Unayeondoka na Sabuni Yako

Mwanangu,

Hakuna mtu wa nyumba hii anayejua kwamba upo. Mama anajua nina siri, hilo amelinusa zamani, lakini anadhani siri yenyewe ina miguu na masharubu na imepanga chumba mtaa wa Mutakura. Hajui kwamba ni riwaya. Hajui kwamba binti yake, asiyeweza kuomba chenji dukani, ameandika kitabu kizima kwa mkono na kukilea chini ya godoro, na kila shuka zinapofuliwa amekihamisha kama wezi wanavyohamisha redio.

Kesho asubuhi Mjomba Rashidi atakupitia. Yeye ni deklara, anahangaikia makaratasi ya mizigo ya watu pale bandarini, na kesho anavuka ziwa na meli ya mizigo kwenda Kigoma. Nimemwambia ni karatasi za kumpelekea mama mmoja kule. Hakuuliza zaidi. Mjomba hana hamu na karatasi isiyo na muhuri.

Basi nakuandikia sasa, kabla ya chakula cha jioni, cherehani ya mama ikilia sebuleni. Hivyo ndivyo ulivyoandikwa wote, kwa mlio huo. Ikilia, kalamu inakwenda. Ikinyamaza, nasikiliza ndala zake, nakufunika kwa kitabu cha kemia. Ni kikubwa, kimekusitiri sana.

Sitakuambia ujikinge na maji, nimekufunga kwa kipande cha turubai na kamba. Sitakuambia usizungumze na wageni, kwa maana hiyo ndiyo kazi yako. Mimi ndiye nisiyeiweza. Nataka kukuambia nilivyokukosea, na kwa nini unaondoka na sura yako ya sabuni ingawa aliyekualika alisema uiache nyumbani.

Ulianza na nukta. Nilikuwa nimeshampata Sauda, mwanamke wako, ambaye mume wake amepanda meli akasema anarudi, na harudi. Nilitaka mikono yake iwe na kazi wakati anangoja. Nikaandika, "Sauda akakoroga sabuni," nikaweka nukta. Ile nukta ikanikera usiku kucha. Anakoroga kwa nini? Inanuka nini? Mkono unachoka baada ya muda gani? Mimi sabuni nilikuwa naijua ikiwa kavu, dukani, imeshakuwa sabuni.

Niende nikaulize? Mwanangu, mwalimu akiita jina langu natoa sauti kama ya bawaba. Dukani nikipewa chumvi badala ya sukari naipokea, nasema asante, naenda kuitafutia maelezo nyumbani. Lakini nikagundua kitu: mtu anayeuliza kwa ajili ya kitabu, si yeye anayeuliza. Ni kitabu. Yeye amekisindikiza tu. Hicho ndicho ulichonipa kabla hujawa na sura hata moja. Ulinipa mahali pa kusimama mbele ya watu.

Nyuma ya soko la Mutakura kuna Mama Kezia, anapika sabuni ya mawese kwenye pipa la chuma lililokatwa nusu. Nilisimama langoni kwake mpaka akanichoka.

"We mutoto, unauza ao unanunua?"

"Apana, mama. Nilitaka kuona tu."

"Kuona nini? Moshi?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akalaza mwiko. "Ingia basi. Lakini simama kule, moshi ya hapa haina adabu. Ni ya masomo?"

Nikasema ni ya masomo. Sikuona kama nimedanganya sana.

Alinionyesha mawese yakichemshwa mpaka wekundu unakimbia. Alinionyesha soda, ile kali inayokula ngozi, ikiingizwa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe si maji kumwagwa juu ya soda, maana hapo inakurukia usoni. Kisha ule mwiko mrefu, na kukoroga, kukoroga, upande mmoja tu. Akiuinua mwiko na uji ukadondoka ukazama, bado. Ukidondoka ukaacha mstari juu, kama uzi uliolazwa kwenye kitambaa, anasema, "Imekubali." Katika kitabu changu cha kemia kuna neno refu la Kifaransa kwa jambo hilo hilo. Nililikariri, nikapata alama kwalo, na sikuwahi kuona chochote nyuma yake. "Imekubali" niliiona. Ilikuwa inatoa mvuke.

Nilirudi, nikarudi tena. Akaanza kuniita Madamu Polisi.

"Madamu Polisi imefika! Leo unakamata nani?"

"Nilitaka kuuliza kwa nini unakorogaka upande mmoja."

"Sikia huyu! Anauliza kama polisi, sauti ya kifaranga." Akaendelea kukoroga, nikadhani nimemuudhi. Halafu akasema, macho yake kwenye pipa, "Alienifunza kukoroga njo yule aliniacha. Yeye alikoroga upande huu, na mi upande huu. Kila nikikoroga niko na yeye. Na simutaki! Sasa nifanye aje? Watu wanataka kunawa."

Sikuwa nimemuuliza juu ya mume. Nisingethubutu. Ningemwendea na swali la mume, angenifukuza kwa mwiko, na angekuwa na haki. Nilimuuliza juu ya mkono, na kumbe mume alikuwa amekaa humo humo mkononi.

Maneno yake sikukupa. Ni yake, na yeye hajui kwamba kuna Sauda. Nilikupa mwendo wa mkono wake tu, jinsi unavyopungua kasi uji unapokuwa mzito na jinsi anavyobadilisha mguu wa kusimamia bila kusimamisha mwiko. Ikawa sura ndefu. Hakuna kinachotokea humo kwa wale wanaohesabu matukio. Mafuta yanaacha kuwa mafuta.

Kosa langu la kwanza kwako lilikuwa sufuria.

Nilikuwa nimeandika kwamba Sauda, siku anapoanza, hana pipa, anatumia sufuria ya jikoni. Nikataka kujua uzito wa ule uji kwenye bega langu mwenyewe. Mama alikwenda kwenye harusi Buyenzi, nikanunua soda kidogo na mawese, nikachukua sufuria yake kubwa ya alumini, ile ya pilau. Sikuwa nimemuuliza Mama Kezia chombo kinatakiwa kuwa cha nini. Nililiona pipa la chuma nikadhani ni umaskini, kumbe ni ujuzi. Soda inakula alumini, mwanangu. Haikawii. Sufuria ilianza kulia kama kitu kinachokaangwa, ikatoa povu, ikawa nyeusi, mvuke ukanipanda puani, nikaimwaga yote kwenye mtaro na kujiunguza kifundo cha mkono. Nilipoisuuza niliona mwanga ukipita mahali ambapo haupaswi kupita.

Mama alirudi na viatu mkononi. Aliinua sufuria juu, akanitazama kupitia tundu.

"Zaina. Sufuria yangu imefanya nini?"

"Imeungua, mama."

"Moto njo inatoboa namna hii? Ulikuwa unapika nini, misumari?"

"Sabuni."

"Sabuni," akasema. Jicho lake lilibaki pale kwenye tundu. "Ya nani?"

Nilikuwa na jibu. Ya Sauda, mama, mume wake amekwenda na hana kitu cha kufanya na mikono. Nikanyamaza, kama kawaida yangu, na ukimya wangu ukajazwa na mtu mwenye masharubu.

Tangu siku hiyo nikitoka Mutakura ananipokea mlangoni, pini mdomoni. Mama anashona sare za shule za watoto wa Gasenyi nzima, mtaa wetu, na pini anaziweka mdomoni, anasahau kuzitoa, anaongea nazo, kila neno linatoka limebanwa.

"Unanuka mawese. Mutakura iko nani?"

"Iko sabuni, mama."

"Hiyo sabuni iko na kazi? Iko na pikipiki?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Sabuni ingine inatelezaka, mutu anajikuta ameanguka."

Ungecheka ungekuwepo. Ulikuwepo, chini ya sweta yangu.

Sufuria iliyoliwa nimekupa. Iko kwenye sura yako, Sauda ndiye anayeiharibu, na anaililia kuliko alivyomlilia mume, na naamini pale msomaji atamjua. Nisingeibuni. Akili yangu haingefika huko peke yake. Ilibidi ipelekwe na soda.

Halafu akaja Bi Mhariri. Simjui uso. Ni mama mtu mzima wa Kigoma anayesaidia watu kuchapisha hadithi zao, na namba yake niliikuta nyuma ya kitabu. Nilimtumia picha za sura zako za mwanzo pamoja na hiyo ya sabuni, kisha nikazima simu siku nzima kwa aibu. Nilipoiwasha, sauti yake ilikuwa inanisubiri. Niliisikiliza chini ya blanketi.

"Mwanangu, hujambo? Nimesoma, nimesoma mpaka chai imepoa. Lakini ile sura ya sabuni, mama, hapana. Msomaji anataka kujua mume anarudi au harudi, wewe unamsimamisha uani unamfundisha kemia! Itoe hiyo, kisha niletee kazi yote kwenye karatasi. Macho yangu na simu havielewani tena."

Nilimwandikia neno moja, asante. Hiyo ndiyo chumvi yangu badala ya sukari.

Nikaitoa. Lazima nikuambie hilo. Nilizichomoa kurasa zako za sabuni, nikaziweka pembeni, nikakusoma bila hizo. Ulikwenda haraka sana. Ulikwenda kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba asiotaka kuuingia. Sauda alingoja, akangoja, akangoja, na mimi nikangoja naye, macho yote mawili barabarani, na nilipofika mwisho sikuwa namjua. Nilikuwa najua tu kwamba mume wake hayupo.

Ndipo nikakumbuka kitabu kimoja cha Kifaransa nilichokisoma nikiwa mdogo zaidi, cha maktaba ya shule, kimeng'oka jalada. Msichana amefika mbele ya mlango, nyuma ya mlango kuna mtu ambaye amemtafuta maisha yake yote, msichana ameshika ufunguo, na mwandishi anamwacha pale pale anaanza kueleza jinsi kufuli zinavyotengenezwa. Chuma gani, meno mangapi, nani aliyapiga tupa. Nilikasirika. Niliruka kurasa zote zile nikaenda kwenye mlango. Mlango ukafunguka, na sikusikia kitu. Nikarudi kwa hasira, nikasoma kufuli kuanzia mwanzo, na safari hii alipozungusha ufunguo nilisikia kila chuma kikisogea, nikaogopa mpaka nikafunga kitabu.

Kwenye sabuni, kwa muda wa kurasa zile, Sauda hamngoji mume. Ni mahali pekee ambapo hamngoji. Na msomaji pia anamsahau. Halafu sabuni inakubali, anainua kichwa, na jioni imefika, na hakuna mtu langoni. Ukiitoa sabuni, hapo hapaumi. Nilizirudisha kurasa zako mahali pake kabla adhana haijalia.

Lakini nilipokuwa nakusoma hivyo, kama mwenye kisu mkononi, niliona sura nyingine. Bi Mhariri hajawahi kuiona, maana iko kuelekea mwisho. Hakuna aliyeilalamikia. Na hiyo ndiyo iliyokuwa mbovu.

Sura ya meli ilikuwa ndefu kuliko zote, na niliipenda kuliko zote, maana niliitolea jasho. Nilinakili ensiklopidia mpaka msimamizi wa maktaba akanizimia taa. Nilimsumbua Mjomba Rashidi: saruji inakaa chini na katoni juu kwa sababu gani, uzito ukilalia upande mmoja meli inafanya nini, mistari ile iliyopakwa ubavuni inasema nini. Kila nilichokiandika kilikuwa sahihi. Na hii ndiyo sura inayorudi nyuma kwenye siku mume wa Sauda aliyoondoka! Mtafute humo. Nilimtafuta mwenyewe. Yuko katikati ya kamba na winchi, maneno mawili: "Mume akapanda." Kisha winchi inaendelea na kazi yake kurasa na kurasa.

Nilikaa na hizo karatasi mapajani mpaka miguu ikafa ganzi. Kwenye sabuni niliingia ndani ya kitu nikamkuta mtu. Kwenye meli nilimkimbia mtu nikajificha ndani ya kitu. Na kwa nje zinafanana, mwanangu. Majina ya vitu, namna vinavyofanya kazi, subira ile ile ya maelezo. Hata mimi niliyeziandika nilidanganyika.

Nikuambie basi nilikuwa namkimbia nani.

Siku baba alipoondoka kwenda upande wa Kongo kutafuta biashara, mimi na mama tulimsindikiza bandarini. Nilikuwa mdogo, nimeshika kitenge cha mama. Winchi ilikuwa inateremsha mapipa, na sijawahi kuona kitu kama kile.

"Baba, inakamata na nini?"

"Iko na ndoano. Ona kule. Ona vile inainama."

Nikaona. Niliitazama ndoano ile mpaka meli ikaondoka. Naweza kukuchorea sasa hivi: kutu upande wa ndani, kitambaa chekundu kimefungwa juu ili watu wa chini waione, na kabla ya kushika inayumba kidogo kama inafikiri. Nilihisi mkono kichwani. Sikugeuka. Nilidhani nitakosa ndoano ikishika pipa.

Uso wake wa siku ile sina. Sauti ninayo, ile ya "ona kule". Alikuwa anapiga simu, kisha akawa anapiga mara chache, kisha namba yake ikawa inapokewa na watu wengine. Nyumbani halizungumzwi. Mama alivuta cherehani karibu na dirisha akaanza kushona, na mimi nikajifunza kutazama vitu. Nilikuwa mzuri sana wa kutazama vitu. Walimu walisema nina makini.

Hilo ndilo kosa langu kubwa, na nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa msomaji mwerevu. Nilikurithisha jicho linalokimbilia ndoano. Si jicho baya. Bila hilo hungekuwa na sabuni. Lakini linahitaji kushikwa kidevu na kugeuzwa.

Kwa hiyo wiki hii nimezitoa kurasa zote za meli. Ziko chini ya godoro, mahali pako, nisije nikalala vibaya kwa kuzoea kile kinundu. Nimebakiza ndoano tu. Mahali pa kurasa hizo nimeandika kuagana, kwa ufupi, kurasa chache zilizonitoa jasho kuliko ensiklopidia yote. Nimempa Sauda mtoto ambaye mwanzoni hakuwa naye. Mtoto anauliza inakamata na nini. Anaambiwa aone kule. Na safari hii, mwanangu, anaona, halafu anageuka. Anamtazama baba yake kuanzia chini kwenda juu, kama watoto wanavyotazama: viatu, suruali, mkono, shati.

Pale kwenye shati nilisimama.

Ningeweza kubuni. Nilijaribu. Niliweka la bluu, nikaweka la mistari, nikaweka jeupe lililofuliwa mpaka likaona haya. Kila nililoweka lilikaa pale kama mgeni aliyekosea nyumba. Najua jambo moja tu: mama ndiye aliyelishona. Katika maisha yake hajanunua shati. Kwa hiyo yuko mtu mmoja duniani anayejua rangi yake na kola yake na kifungo kipi kilibadilishwa, naye yuko upande wa pili wa ukuta huu, na sijawahi kumuuliza. Nimemuuliza mgeni wa Mutakura juu ya mkono wake. Nimemuuliza Mjomba juu ya saruji. Nimeulizia soda, mawese, kamba, ndoano. Nimezunguka nyumba yetu yote kwa nje nikigonga kila ukuta ambao hauna mlango.

Mstari ule uko mtupu. Umo ndani ya turubai hivyo hivyo, na nafasi iliyoachwa, na kesho asubuhi Mjomba anakuja.

Jana nilimtumia Bi Mhariri sauti. Yangu mwenyewe, si maandishi. Nilirekodi nikafuta, nikarekodi nikakohoa, nikafuta. Iliyokwenda ilikuwa hivi: "Shikamoo Bi. Sabuni inabaki. Kulikuwa na meli ambayo hujaiona, hiyo ndiyo nimeitoa."

Jibu lilikuja wakati nakoroga ugali. "Marahaba! Kumbe una sauti. Haya, lete tuisome yote. Lakini nikisinzia kwenye sabuni nitakwambia, sitakuficha."

"Uniambie ukurasa," nikamjibu.

Sijui maneno hayo niliyapata wapi. Lakini ndivyo nilivyosema, na siyarudishi.

Kwa hiyo ukifika kwake, kaa ulivyo. Akikunja kurasa za sabuni kuziruka, mwache. Wengine watakuruka vilevile, na baadhi yao watarudi kama nilivyorudi kwenye ile kufuli, na wasiorudi wana haki zao, wana watoto, wana vyungu motoni. Usimkimbilie msomaji ukimvuta nguo. Atatokea mtu anayepika sabuni kweli, atasema hapa si hivyo. Msikilize mpaka mwisho, na usijitetee kwamba wewe ni hadithi tu. Mtu akikukuta umesema kweli juu ya soda, atakuamini utakapomwambia juu ya Sauda, na hiyo ya Sauda ndiyo niliyoibuni yote. Ukikuta mahali ambapo bado najionyesha tu kwamba najua, mahali ambapo nimeacha neno kwa sababu lilinigharimu safari, nisamehe. Nilisafisha, ila mzazi haoni kila doa.

Na usione haya kwa Kiswahili chako. Shuleni nimesomeshwa Kirundi kwanza, kisha Kifaransa, na katika hizo mbili nimesahihishwa mpaka nikawa naogopa kufungua mdomo. Kiswahili nilikipata hapa, kwenye mlio wa cherehani, kwa mtu mwenye pini mdomoni. Kule Kigoma watakusikia lafudhi. Acha wasikie. Bi Mhariri akitaka kunyoosha sarufi, anyooshe. Akitaka kumnyoosha yule mama jirani wa Sauda, niliyemwacha aongee kama watu wa kwetu, mwambie huyo ameshanyooka.

Nilikuwa na mengine, lakini cherehani imenyamaza.

Nimesikia kiti kikisukumwa. Sasa ni zile ndala, moja inaburuta.

"Zaina! Chakula inapoa, we! Unaongea na nani humo?"

Kitabu cha kemia kiko hapa, karibu na kiwiko. Mkono umeshakifikia kwa mazoea. Nimeurudisha. Nimefungua kamba yako, nimelikunjua turubai, nimeutoa ule ukurasa wa bandari na kuulaza juu ya meza mbele ya taa, na huu ninaokuandikia uko kando yake, wazi. Aone vyote. Aone kwamba sabuni haina pikipiki.

Ameshafika kwenye korido. Najua pini zipo mdomoni, hazitoi hata kwa chakula. Nitamwambia, mama, toa pini kwanza. Kaa kitandani hapa. Nina kitu cha kukusomea, kisha nina swali moja, na nataka unijibu kwa mdomo mzima.

Siku ile, baba alivaa shati gani?

Kalamu iko kwenye ule mstari. Kitasa kinazunguka, na mikono yangu haifuniki kitu.